Kichwa cha herufi nene bado si kichwa

Hati nyingi zinazopandishwa mtandaoni zinapendeza machoni, lakini msomaji asiyeona anakwama ukurasa wa kwanza. Mwandishi amekuza herufi, akazikoleza, akaamini ameweka kichwa. Kwa kisoma skrini kama NVDA, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, hiyo ni aya fupi tu. Msomaji hubonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, au 2 kutafuta vya ngazi ya pili. Akiambiwa hakuna, itabidi asikilize kurasa zote 40 ili apate aya moja anayoitaka.

Kama una nusu saa tu, itumie hapa. Weka vichwa kwa mitindo ya programu yenyewe: Ctrl+Alt+1 kwenye Word na Google Docs, Ctrl+1 kwenye LibreOffice. Usitoke ngazi ya 1 ukaingia ya 3. Kama hupendi sura yake, badilisha rangi na ukubwa ndani ya mtindo, usiuache mtindo.

Lugha ya hati nayo husahauliwa sana na sisi tunaoandika Kiswahili. Hati iliyobaki na alama ya Kiingereza inaweza kusomwa kwa sauti ya Kiingereza: “wake” linakuwa “weik”, na aya nzima haishikiki. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, kisha weka Kiswahili kuwa lugha ya usahihishaji. eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, inakijua Kiswahili.

Wengi huharibu kazi hii yote dakika ya mwisho, kwa kutengeneza PDF kupitia amri ya kuchapa. Njia hiyo kwa kawaida huangusha vichwa na maelezo ya picha (alt text), yale maneno yaliyofichwa ambayo kisoma skrini hutamka badala ya picha. Hifadhi au hamisha kama PDF, na hakikisha umetia tiki chaguo la kubakiza lebo za muundo (tags), zinazokiambia kisoma skrini kipi ni kichwa na ipi ni aya. PDF iliyoskaniwa ni mbaya zaidi, kwa sababu ni picha tupu. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, ipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha usome tena neno kwa neno, maana tarakimu hukosewa.

Maelezo ya picha yaseme kile picha inachomfundisha msomaji. Usianze na “picha ya”. Kisoma skrini kimeshatamka hivyo. Pambo lisilobeba maana liwekee alama ya pambo.

Kwa wenye uoni hafifu, kiwango cha AA cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya wavuti yafikike kwa wenye ulemavu, kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa 4.5:1, na yale makubwa 3:1. Kwa maandishi ya kawaida juu ya nyeupe, kijivu chenye msimbo #767676 kinapita, #777777 kinafeli.

Majedwali yabaki sahili: safu mlalo ya kwanza itambulishwe kuwa ya vichwa, na visanduku visiunganishwe, kwani vikiunganishwa namba huweza kusomwa chini ya kichwa kisicho chake.