Shangingi la Dizeli, Chujio la Masizi na Adha ya Chalinze

Nilinunua shangingi langu la dizeli, lililotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, kwa ajili ya barabara ya Iringa. Injini yake ni ya lita 3 yenye silinda sita, viti vyake hupuliza hewa baridi mgongoni, na badala ya springi lina mifuko ya hewa ambayo hufanya matuta ya vijijini yasisikike. Kwa raha hizo nililipa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi cc 2,000, VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo, na tozo nyingine ambazo wakala wangu alinisomea kwa sauti ya chini.

Tulitoka Tegeta alfajiri, mimi, mke wangu na shangazi yangu tuliyekuwa tukimrudisha kwake Ilula. Tulipofika Mlandizi taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi, ikieleza kwamba chujio la masizi limekaribia kujaa. Kabla ya Chalinze gari likajipunguzia nguvu lenyewe: nilikanyaga mafuta mpaka mwisho, na mshale wa mizunguko ukagoma kuvuka elfu mbili. Lori la saruji lilitupita kwenye mwinuko, na utingo wake akatupungia mkono kwa furaha isiyo na kificho.

Chalinze tulielekezwa kwa fundi kijana aliyefanyia kazi zake chini ya mwembe. Aliwaamkia wakubwa, akafungua boneti, akakuta kifuniko cha plastiki. Akakiondoa, akakuta kingine. Alizunguka injini pande zote akitafuta kitu.

"Bosi, stiki ya oili iko wapi?"

"Haina stiki. Oili inapimwa kwenye skrini."

Akanitazama, kisha akamgeukia shangazi.

"Usinitazame mimi, mwanangu," shangazi akamwambia. "Mimi nimepewa lifti tu."

Skrini ilionyesha kwamba oili imezidi kiwango, na hapo kijana akaonyesha kwamba anaijua kazi yake kuliko baadhi ya gereji za mjini zenye viyoyozi. Chujio hilo, alieleza, hunasa masizi ndani ya ekzosi. Likijaa, injini humwaga dizeli ya ziada ili moshi upate joto la nyuzi 600 hivi na masizi yateketee yakabaki majivu. Kazi hiyo huhitaji mwendo usiokatika kwa robo saa au zaidi. Gari linalokwenda Posta na kurudi Tegeta kwa kusogea na kusimama huianza, likazimwa kabla halijamaliza, na ile dizeli ya ziada huteremka kwenye kuta za silinda ikachanganyika na oili. Tena mengi ya magari haya hayaanzi kuchoma masizi iwapo tangi lina mafuta kidogo, jambo lisilotusaidia sisi tunaoweka kidogo kidogo tukisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA itangaze bei mpya.

Kijana aliilaumu pia dizeli yetu. Hapo sikukubaliana naye sana, kwa kuwa tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Ulaya ni 10, na tofauti hiyo ina madhara yake, lakini mjini kwetu adui mkubwa ni foleni.

Pendekezo lake la kwanza lilikuwa lile la kawaida nchini: kulikata chujio, kulitoboa, kulichomea tena, kisha kuidanganya kompyuta ya gari isiliulizie. Laki nne, mazungumzo yapo. Chujio jipya, kwa bei niliyowahi kutajiwa mjini, linakaribia bei ya bajaji, kwa hiyo sishangai wengi wanapokubali. Mimi nilikataa, moshi mweusi unaotupuliziwa usoni pale Kimara unatosha.

Basi akamwaga oili, baada ya kufungua kifuniko cha chini chenye skrubu zisizokwisha. Oili mpya, ile yenye majivu kidogo inayotakiwa na chujio, ililetwa na bodaboda kwa bei ambayo mke wangu ameniomba nisiirudie mbele ya watu. Kisha tukalisogeza gari mbali na majani makavu, akachomeka kifaa chake chini ya usukani na kuiamuru injini ichome masizi ikiwa imesimama. Mizunguko ilipanda yenyewe, feni ikanguruma, harufu kali ya kuungua ikatanda, na mama muuza mahindi akahamisha jiko lake bila kuambiwa.

"Yaani linakula mafuta yote haya na halijasogea hata hatua?" shangazi aliuliza.

Sikuwa na jibu. Taa zilipozimika, jua lilikuwa limeanza kuinama.

Morogoro tulilala, Mikumi tulipita kwa 70 kama sheria inavyotaka. Kitonga ndiko gari lilikolipa deni lake: nyuma ya malori yanayotambaa, kila nafasi halali ya kupita ilipopatikana liliondoka bila kelele, na shangazi aliendelea kusinzia kwenye kona zote.

Ilula jirani yake ana mkonga wa zamani, yaani Land Cruiser, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo wala chujio, unaobeba nyanya na vitunguu hadi leo. Alilizunguka langu, akagonga boneti kwa kidole, akauliza kama ninaliuza. Nikakataa haraka, ingawa sasa baadhi ya Jumapili hulipeleka Bagamoyo na kulirudisha kwa sababu ya masizi tu. Mke wangu hununua samaki huko, na dizeli ya safari hizo anaiandika kwenye hesabu za nyumbani chini ya matibabu.