Bakuli 9

Daftari lilikuwa la kurasa 96, lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Baba alilinunua dukani hapo Makongeni jioni ileile niliyomtajia wazo langu: likizo ya Agosti, mwaka huo wa 2018, twende Arusha siku mbili tatu, mimi na yeye, tutembee tu. Nilidhani atakataa. Tangu Mama atutoke, safari zake zilikuwa kanisani na kwenye foleni ya pensheni. Badala ya kukataa akauliza, "Kutoka Arusha hadi Moshi ni nauli ya ngapi?"

Sikujua. Akanitazama kama abiria aliyefika dirishani bila kujua anakokwenda.

Baba alikuwa karani wa tiketi. Aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1972, wakati reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja na makao yake makuu yalikuwa hapa Nairobi. Mwaka 1974 akahamishiwa stesheni ya Moshi. Akakaa huko hadi 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka. Alirudi na sanduku la bati, redio, na Kiswahili ambacho Nairobi haijawahi kumsamehe. Mpaka leo akiingia kibandani husema, "Naomba chai," na vijana humjibu, "Mzee, chai hapa haiombwi, inanunuliwa." Hakuwa amewahi kurudi Moshi, hata baada ya mpaka kufunguliwa tena mwaka 1983. Kulikuwa na karo, kulikuwa na kodi, halafu kukawa na mazoea.

Pesa zilikuwa zangu. Nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule ya binafsi huko Umoja, na mshahara wa likizo ulikuwa unakuja nusu, tena siku wanayotaka wao. Lakini zamu yangu katika chama chetu cha kuchangiana pesa ilikuwa imefika Julai: shilingi 20,000. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kwenye simu. Basi la watalii kutoka katikati ya mji hadi Arusha. Usiku tatu Arusha. Siku moja mbugani kutazama twiga chini ya Mlima Meru. Siku moja Moshi, kwenda na kurudi. Nikamsomea Baba nikiwa najisikia kweli.

Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu nyekundu.

Basi la watalii lilikuwa la kwanza kufutwa. "Hao wanalipia kutobadilisha gari mpakani," akasema. Matatu ya Namanga, tuvuke kwa miguu, ng'ambo tupande Noah ya kugawana na wengine hadi Arusha. Nilipiga simu kwa mwenzangu mmoja wa shuleni ambaye dada yake anauza mitumba huko, akaniambia Noah ni shilingi 7,000 za Tanzania. Wakati huo shilingi moja yetu ilikuwa inapata 22 zao na ushee. Baba akagawanya kichwani kabla sijafungua kikokotoo: "Mia tatu na kumi na nane. Andika 320."

Kwenye mbuga nilijiona nimemshinda. Nikamweleza kwamba mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, si kwa dola, na ada yenyewe ni ndogo mno ukilinganisha na ya Mzungu. Akaandika ada. Halafu akauliza, "Tutaingia na nini? Miguu?" Gari la kukodi na dereva, kwa siku moja, lilikuwa linakula zaidi ya robo ya bajeti yote, na lingekula hivyohivyo hata tungekuwa sita. Kwa wasafiri wawili, kiingilio cha bei rahisi ni mtego. Hilo nimelikumbuka kila safari tangu siku ile. Twiga wakafutwa.

Usiku tatu Arusha nazo zikapunguzwa kuwa mmoja. Arusha ni mji wa watalii, malazi yake yana bei ya watalii. Moshi ni kama kilomita 80 tu mbele na vitanda ni nafuu. "Na nani alikuambia turudi tulikopita?" Baba akaongeza. Hapo ndipo alipochora duara. Nairobi, Namanga, Arusha, Moshi. Kisha kutoka Moshi tusirudi Arusha hata kidogo, tushike barabara ya Holili, tuvuke Taveta, twende Voi, na Voi tupande treni mpya hadi Nairobi. Kila nauli itanunua njia ambayo hatujaiona. Ukiondoa, bila shaka, kwamba yeye alikuwa ameiona: reli ya zamani ya Voi, Taveta, Kahe hadi Moshi ndiyo iliyokuwa ikimleta nyumbani likizo. Sikumwambia nimegundua.

Mezani palikuwa na joto zuri wiki hiyo. Nikirudi kutoka kwa mama mboga namkuta na miwani, daftari limefunguka, amepiga mistari kwa rula kama leja: Tarehe, Maelezo, Makisio, Halisi. Ile safu ya Halisi ilikuwa tupu na inang'aa.

Kisha jirani mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu, akapita kuchukua spana yake, akatuuliza kama tuna kadi za manjano.

Hatukuwa nazo. Hatukuwa tumefikiria. Ukitoka Kenya kuingia Tanzania unaweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti hicho hakianzi kutumika siku unayodungwa. Kinaanza baada ya siku 10. Mimi mwalimu wa hesabu nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa hizo 10. Tukapiga mbio zahanati kesho yake. Kwangu ilikuwa sindano tu. Kwa Baba, muuguzi aliona tarehe ya kuzaliwa akaita daktari, kwa sababu waliozidi miaka 60 huulizwa kwanza kuhusu afya zao. Chanjo hiyo inaweza kuwasumbua wazee zaidi. Daktari alimuuliza maswali robo saa. Baba alijibu yote akiwa amesimama wima kama anahojiwa kazi. Akapita. Chanjo mbili zilimeza pesa zaidi ya nauli zetu zote za kwenda, lakini daktari alitufariji kwamba siku hizi kadi hiyo ni ya maisha. "Ya maisha yangu au ya kadi?" Baba akauliza. Safari ikasogea hadi wiki ya mwisho ya likizo.

Ni katika kurekebisha daftari baada ya hapo ndipo nilipoiona. Ukurasa wa 14, chini ya Malazi Moshi, kwa mwandiko wake wa kulala upande: *Bakuli 9*. Kwenye Makisio aliweka alama ya kuuliza.

"Baba, tunanunua vyombo?"

"Hilo ni langu."

"Pesa ni zangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Palikuwa na mama aliyeuza mtori, supu ya ndizi na nyama, karibu na stesheni, chini ya mti. Makarani walikuwa wanakula kwa mkopo, wanalipa mwisho wa mwezi. Mambo yalipoharibika, mambo yaliharibika kwa siku chache; akaondoka mwezi ukiwa bado. Alikuwa na bakuli 9 zisizolipwa.

"Ilikuwa shilingi ngapi?"

"Shilingi sikumbuki. Nakumbuka bakuli."

Nikataka kumwambia kwamba kwa shilingi za miaka ile deni hilo leo halinunui hata peremende. Yeye alikuwa ameshalitatua: utauliza bei ya bakuli moja siku hiyo, utazidisha kwa 9. Ndiyo maana ya alama ya kuuliza. Nasema kama mwalimu, ni hesabu safi kuliko nyingi nilizosahihisha.

Tuliondoka alfajiri. Kitengela, Isinya, Kajiado, Bisil, na Baba hakusinzia hata kidogo. Tulikuwa na vibali vya muda vya kusafiria, maana pasipoti mbili zingetula tena. Namanga, mbadilishaji pesa mmoja alitufuata tangu tunashuka. Tukampa 10,000, kwa 22, akahesabu noti kwa kasi ya mchezo wa karata na kumkabidhi Baba. Baba akazipokea, akalamba kidole, akazipitisha kwa dole gumba mara moja. Mara moja tu.

"Naomba elfu 18 zangu," akasema, kwa upole kabisa.

Yule kijana alikuwa ametupa 202,000 badala ya 220,000. Akacheka, akasema mzee macho yako mazuri, akaongeza. Afisa wa afya alizitazama kadi zetu za manjano kwa sekunde mbili. Siku 10 zote zile, kwa sekunde mbili.

Arusha nitaipitia haraka, kwa sababu nasi tuliipitia haraka. Tulipiga picha kwenye Mnara wa Saa, ambao wenyeji hupenda kukuambia ni katikati ya Cairo na Cape Town. Tukaenda Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambako Baba alisoma kila maelezo ukutani kuhusu mwaka 1967 huku mimi miguu ikiniuma. Jioni nikaagiza chakula kwa namna ya Nairobi: "Nipe chipsi mayai." Dada wa mgahawa alinyamaza kidogo, akamgeukia Baba. "Shikamoo mzee. Huyu ni mwanao?" "Marahaba. Ni wangu. Mwie radhi, amelelewa Nairobi." Walicheka sana, wote wawili, na yeye ndiye aliyewekewa nyama ya ziada.

Asubuhi tukapanda Kosta ya Moshi, 3,000 kila mtu. Baada ya Boma Ng'ombe alianza kusogea kiti. Mlima haukuonekana, Agosti huwa na mawingu, na Kilimanjaro ukitaka kuuona ni bora alfajiri au jua likizama. Hakuutafuta hata. Alikuwa anatazama upande wa pili, upande wa reli.

Stesheni ilikuwa bado imesimama, ile kubwa ya zamani, kuta zake nene. Lakini haikuwa na abiria. Treni za abiria zilikuwa zimekoma kufika Moshi tangu miaka ya tisini, na majani yalikuwa yameota katikati ya mataruma hadi magotini. Mlinzi alituruhusu tusimame jukwaani. Baba alitembea hadi dirisha fulani, lilikuwa limefungwa kwa mbao, akainama kidogo akasema na mbao: "Daraja la tatu, Tanga, moja." Kisha akaona aibu kwamba nimesikia.

Mti haukuwepo. Mahali pake palikuwa na vibanda vya vifuniko vya simu na chaja. Tulimkuta mzee fundi viatu, umri wake na wa Baba unakaribiana, wakasalimiana kwa muda mrefu sana, habari za huko, habari za siku, habari za watoto, ndipo Baba akauliza.

"Mama wa mtori? Jina lake nani?"

Hapo Baba akanyamaza. Hakuwahi kulijua jina. Wote walimwita Mama.

"Ndugu yangu," fundi akasema akipigilia kisigino, "Moshi mzima ni mama wa mtori."

Tulizunguka hata hivyo, sokoni, stendi, nyuma ya kanisa moja alilolikumbuka. Saa nane tukaingia mgahawa mdogo, akaomba mtori. Bakuli lilikuja zito, ndizi zimepondwa zikalegea, kipande cha nyama chenye mfupa katikati. Alikula polepole. Akauliza bei: 1,500. Akatoa daftari, akafuta ile alama ya kuuliza, akaandika 13,500, akazitia noti kwenye bahasha.

Nikamshauri ampe yule dada aliyetuhudumia. Au sadaka, kesho ilikuwa Jumapili.

"Nikimlipa huyu," akasema, "nitakuwa nimemlipa huyu."

Na alikuwa ameshamlipa, bakuli moja, 1,500, chini ya safu ya Halisi.

Siku ya tatu mlima ulijitokeza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wote, mweupe juu, nikiwa bafuni. Nilitoka na taulo nikaona robo yake ya mwisho. Chemchemi za Chemka hatukufika, bodaboda walitaja bei ambayo Baba hakuijibu. Tukavuka Taveta, na kati ya Taveta na Voi alinionyesha ile reli yake ya zamani, mara inaonekana, mara imemezwa na vichaka, naye akitaja stesheni kabla hatujazifikia. Tulilala Voi, tukapanda treni, akasema inaenda kasi mno mtu hawezi kusoma majina. Jumla, ukitoa chanjo, ilikuwa 16,340. Makisio yalikuwa 16,500.

Desemba 2019 redio ikatangaza kwamba treni ya abiria kutoka Dar es Salaam imefika Moshi tena. Nilikuwa nachambua mchele. Baba hakusema neno. Akaenda chumbani, akarudi na daftari na rula, akafungua ukurasa mpya. Niliposimama nyuma yake alikuwa ameshapiga mistari. Nauli bado, malazi bado, tarehe bado. Mstari wa kwanza tu ndio ulioandikwa: *Bakuli 9, kutoka ukurasa wa 14*.