Kazi ya kundi kwenye kozi ya mtandaoni

Kundi la watu wanne au watano linatosha. Likifika wanane, wawili watatu hukaa kimya na hakuna anayegundua mpaka usiku wa kuwasilisha.

Kabla hamjagusa swali, kubalianeni kutumia faili moja tu la Google Docs. Kutumiana mafaili ya Word kwenye WhatsApp ndiko kunakoharibu kazi: baada ya siku mbili kuna "kazi_mwisho" na "kazi_mwisho_kabisa", na kila moja ina aya ambayo nyingine haina. Kwenye Docs, historia ya matoleo inaonyesha nani kaandika nini na saa ngapi, na aya iliyofutwa kwa bahati mbaya inarudishwa. Mwenye bando dogo aliwekee faili hilo ruhusa ya kufunguka nje ya mtandao, tena mapema, akiwa bado na intaneti.

Mkigawana, andikeni jina kwenye kila sehemu, na mjiwekee tarehe yenu siku tatu kabla ya ile ya mwalimu. Hizo tatu ni za kuoanisha lugha na marejeo, kazi inayosahaulika kila mara.

Ukimkosoa mwenzako, taja mahali penyewe. "Iko poa" haimsaidii. "Aya ya pili inadai bila ushahidi" ataishughulikia leo hii.