Fuwele kimiminika ndani ya vitundu: wiki ya 6

Mteremko niliokuwa nautafuta, yaani mpangilio wa molekuli kupotea polepole badala ya ghafla, umeonekana, na safari hii naamini ni wa kweli.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: 8CB ni fuwele kimiminika, yaani kitu kinachotiririka huku molekuli zake zikiwa na mpangilio, ambayo ikipashwa joto, kwenye nyuzi 33.5 hivi za Selsiasi huacha kukaa kwa matabaka na kubaki nematiki, yaani molekuli zake zinaelekea upande mmoja tu. Ikifika kama nyuzi 40.5, hata mwelekeo huo huvunjika ghafla ikawa kimiminika cha kawaida. Ila ukiiloweka kwenye erojeli ya silika, kitu kigumu chepesi kilichojaa vitundu vidogo, ule ughafla hupotea. Mimi nataka kuuona ukipotea.

Maabara sina. Nina kompyuta ya nyumbani na modeli ya Lebwohl na Lasher ya mwaka 1972: kila chumba cha gridi kina kijiti kimoja, na kila kijiti kinapenda kulala sambamba na majirani zake sita. Gridi yangu ni ya 30 kwa 30 kwa 30, vijiti 27,000, navyo huzungushwa kwa mbinu ya Monte Carlo, yaani kwa kubahatisha mizunguko na kuikubali au kuikataa kulingana na joto.

Wiki mbili za kwanza zilipotelea kwenye kosa moja. Nilikuwa najumlisha vijiti kama mishale, napata sifuri hata kwenye baridi kali. Kijiti hakina kichwa wala mkia! Ukikigeuza juu chini ni kilekile. Nilipohamia kwenye tensa, yaani jedwali la namba lisilojali kichwa wala mkia, nikachukua thamani yake maalumu (eigenvalue) iliyo kubwa kabisa kuwa kipimo cha mpangilio, mambo yakanyooka: bila kuta za vitundu, mpangilio unaporomoka kwenye joto la 1.12 la modeli (si nyuzi za Selsiasi), palepale panapotajwa siku zote.

Kisha nikaziba baadhi ya vyumba ovyo ovyo kwa vijiti visivyogeuka, viwe kuta za silika. Maporomoko yakawa mteremko mrefu, nao ukaanza kwenye joto la chini zaidi. Furaha ilinishika, halafu shaka. Sanduku dogo nalo hulainisha maporomoko hata lisipokuwa na ukuta wowote. Basi nikaongeza gridi hadi 60 kila upande na kuiacha ikizunguka usiku kucha. Sanduku tupu likazidi kuporomoka wima. Lenye kuta likabaki na mteremko wake.

Jana nikapima kitu kingine, jinsi kijiti kinavyolala na majirani zake tu. Hapo ndipo nilipokaa kimya mbele ya skrini. Kwenye joto ambalo mpangilio wa sanduku zima ni hafifu, majirani bado wamelala sambamba vizuri kabisa. Kumbe mpangilio haukufa. Umekatika vipande vipande, kila kipande kikifuata kuta zilizo karibu nacho, na vipande vinapingana.

Wiki ijayo nitapasha joto na kupoza polepole mara kadhaa, nione kama vipande vinarudi mahali pale pale.