Msokoto kwenye demani

Jana jioni mwanangu alikuwa akimwagilia bustani, maji yakakatika ghafla. Akageuza mdomo wa mpira akauchungulia, kama wafanyavyo watoto wote, kisha akaniuliza kwa nini maji yamegoma. Nyuma yake, hatua tano hivi, mpira ulikuwa umejisokota na kujikunja. Nilipaswa kumjibu papo hapo, lakini nilibaki nikiutazama ule msokoto, na bega la kulia likaniuma mahali pale pale linapouma siku zote.

Msokoto kama huo niliwahi kuuona kwenye chombo cha tanga tulichokuwa tukiendesha mimi na kaka, na chanzo chake kilikuwa ni bega hilo. Demani ya tanga kuu, yaani kamba ya kulivutia ndani na kulilegezea nje, ilikuwa ikipita mara 3 tu kati ya makapi, vile vifaa vyenye magurudumu ya kupitishia kamba, na kila upepo ulipozidi niliivuta kwa mikono miwili huku kana, mkono wa kugeuzia usukani, nimeibana kwapani. Mapito 6 badala ya 3 yangenipunguzia nusu ya nguvu ya kuvuta, ukiacha kile kinacholiwa na msuguano wa kila roda, yaani gurudumu la ndani ya kapi. Kaka hakupinga. Alisema tu kwamba kapi halitoi cha bure: unachookoa kwenye nguvu utakilipa kwenye urefu. Mti wa chini wa tanga letu una mita 3, na ncha yake, tanga likifunguliwa kabisa, husafiri karibu mita 4 kutoka katikati ya chombo. Kwa mapito 3 zilitosha mita 13 za kamba, kwa mapito 6 nikanunua 26.

Kufunga kulichukua asubuhi moja: kapi la roda tatu kwenye ncha ya mti, jingine la roda tatu sakafuni, pamoja na kibanio chenye meno cha kuishikilia kamba. Kosa nililifanya kwenye kamba yenyewe. Badala ya kulizungusha bunda likajifungua, nilizichomoa duara zake moja moja ubavuni, na kila duara linalochomolewa hivyo huiachia kamba mzunguko mmoja wa kujisokota. Kaka alitaka tuikokote kwanza majini nyuma ya chombo ijinyooshe. Nikamwambia tutachelewa.

Saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nililivuta tanga kwa mkono mmoja, nikamwangalia kaka mara mbili tatu ili aone. Miguuni pangu zilikuwa zimelundikana zaidi ya mita 20 za kamba.

Kisha maji upande unakotoka upepo yakawa meusi. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake kwenye tanga huongezeka mara nne, na mwili hulijua hilo kabla ya kichwa. Nikaing'oa demani kwenye kibanio nikaiachia. Ikakimbia mita 3 hivi kwa mlio mzuri, halafu ikasimama. Ncha ya mti ilikuwa imesogea nusu mita tu. Nikadhani nimeikanyaga, nikainua mguu mmoja, kisha mwingine. Ndipo nikakiona: kitanzi kidogo, kisichozidi yai, kimejisokota chenyewe na kukaa kwenye mdomo wa kapi la sakafuni. Pale kilipokunjika nyuzi za juu zilikuwa zimeachana kidogo, na uzi wa kijani ulionekana kwa ndani. Hata leo ningeweza kuuchora. Maji yakaanza kuvuka ukingo wa chini, kwanza kama uzi, halafu kama shuka. Nikakichokoa kitanzi kwa kidole, hakikutikisika, kwa kuwa uzito wa tanga zima ndio ulioikaza ile kamba. Na mkono wa pili, jambo ninaloona aibu kulisimulia, ulikuwa ukiivuta kana kifuani kwa nguvu zote, kwa sababu chombo kilichoinama sana hutaka kugeuka chenyewe kikatazamane na upepo, na mimi nilikuwa nakizuia.

"Achia, mdogo wangu," kaka akasema, bila kupaza sauti.

"Imekwama!"

"Usukani. Achia usukani."

Nikafumbua vidole. Omo, sehemu ya mbele ya chombo, ikageukia upepo, tanga likaanza kupigapiga, chombo kikasimama wima na maji yakatuosha vifundoni. Kitanzi, kilipokosa uzito, kikatoka chenyewe bila kuguswa, jambo lililoniudhi kuliko yote. Tulirudi kwa tanga la mbele peke yake, demani tumeichomoa yote na kuikokota nyuma, kama alivyotaka tangu asubuhi.

Mpaka leo kaka anashikilia kwamba mapito 4 yangetosha, na siku za upepo hafifu ninajua ana haki, kwa maana msuguano wa roda zote hizo huukatalia mti kwenda nje na inanibidi niusukume kwa mkono. Nimeyaacha 6. Ninasema ni kwa ajili ya bega.

Nilipozinduka, mwanangu alikuwa ameshachoka kungoja jibu. Alikuwa akiuzungusha mdomo wa mpira ili ujifungue, kwa bidii kubwa, upande usio wake, na msokoto wa pili ulikuwa umeanza kuota kando ya ule wa kwanza.