Watu wa Bahari, Anasema Ami

Ukimuuliza ami yangu sisi ni watu gani, jibu analo mdomoni: watu wa bahari. Atakuanzia kwa babu wa babu yake, akutajie vyombo kimoja kimoja, hiki kiliundwa na fundi fulani, kile kilivunjikia mwamba fulani, na kahawa itakwisha kwenye dele bado hajafika kwa baba yake. Nimekua na hadithi hizo. Wiki hii tumekusanyika kijijini, upande wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, kugawana alichokiacha babu, na ndipo nimesikia hesabu badala ya hadithi. Hesabu anazo shangazi.

Kwa asiyepajua kwetu, Pemba inasifika kwa karafuu, lakini mikarafuu imekubali zaidi magharibi na katikati ya kisiwa, kwenye vilima na udongo mzito. Mashariki tuna uwanda. Udongo haba, maweni kila mahali, jembe likishuka linalia. Panaota muhogo, mtama, uwele, kunde, na minazi pale ilipojaaliwa. Mpunga una mabonde yake, nayo si ya karibu. Ukilima tu utalala njaa, ukivua tu utalala njaa siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, na siku za kusi kali. Na msimu wa karafuu ukifika, zamani nusu ya kijiji ilihamia upande wa Konde na Wete kuchuma mashamba ya watu kwa ujira wa pishi, wanawake na watoto wakichambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, usiku kwa kibatari.

Basi huyo baba yake babu, ambaye ami humwita nahodha bila kutaja jina, alianza kuwa baharia tu kwenye jahazi la wenyewe. Kusi likimpeleka Mombasa na Lamu, kaskazi likimrudisha. Wakipakia nazi na mbata, wakirudi na vitambaa, vyungu, samli na habari. Halafu, kwa mujibu wa ami, akajikusanyia chake kidogo kidogo mpaka akaunda mashua yake mwenyewe, na hapo ndipo ukoo ulipoinuka.

Shangazi alimwacha kaka yake amalize. Kisha akasema, taratibu, huku anachambua mchele, "Kaka, ile mashua ni ya mikarafuu ya bibi."

Ikawa kimya. Yeye akaendelea. Bibi yao, mke wa nahodha, alirithi kwa baba yake mikarafuu kadhaa upande wa Konde. Mikarafuu ya Pemba ilipanda thamani tangu tufani ya 1872 ilipoiangusha ya Unguja. Kuanzia hapo karafuu nyingi za Zanzibar zikawa zinatoka kwetu. Mwenye miti hata michache alikuwa mtu wa kukopesheka. Bibi akaiweka miti yake rahani kwa mfanyabiashara, zikapatikana mbao, misumari na marekani ya tanga. Msimu mzuri ukaja, deni likalipwa, miti ikarudi. Si wote waliobahatika hivyo. Madeni ya rahani yaliwabana wenye mashamba Unguja na Pemba mpaka serikali ya Kiingereza ikaingilia kati kwa sheria katika miaka ya 1930. Bibi alikuwa ameweka mali yake yote juu ya chombo ambacho hakuwahi kukipanda ila siku za kwenda harusini.

"Nani kakwambia?" aliuliza ami.

"Yeye mwenyewe. Nyinyi mlikuwa pwani."

Nililala nikiifikiria hiyo "mlikuwa pwani". Wanaume walikaa pwani wakisimulia, wanawake walikaa nyuma ya nyumba wakihesabu, na sisi wajukuu wa kiume tukachukua simulizi tukaacha hesabu.

Maana hata kalenda ilikaa nyuma ya nyumba. Watu hudhani miongo ilikuwa elimu ya manahodha. Mwaka wetu huanzia Nairuzi, ile Siku ya Mwaka ambayo Makunduchi huisherehekea kwa mwaka kogwa mwezi wa Julai, na kutoka hapo siku zinahesabiwa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo. Miongo thelathini na sita, na siku tano za ziada, mwaka umetimia. Nahodha alitaka kujua mwongo ili ajue upepo wa matlai wakaribia lini, lini kaskazi litakaza, lini chombo kipandishwe pwani kikalafatiwe na kupakwa mafuta ya sifa na deheni. Mkulima alitaka mwongo ule ule ajue lini achome konde, lini apande mtama, lini mpunga uingie bondeni kabla masika hayajamwaga. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya mwaka mrefu, inasogea siku moja kila miaka minne, kwa hiyo lazima awepo mtu anayeangalia pia juu. Bibi, mke wa babu, aliangalia Kilimia, kile kishada cha nyota. Alikuwa na ile kauli ya wazee, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na alikuwa akimwambia babu ngoja wiki moja, na babu akingoja. Ami hilo analikubali. Ila akilisimulia kwa wageni husema "baba alijua nyota".

Babu sikumkuta akiwa nahodha wa masafa. Biashara ya majahazi ilikuwa imeshapungua, meli na boti zimechukua mizigo. Yeye alikuwa mtu wa dago. Wanaondoka wavuvi kadhaa na nyavu zao, wanahamia ufukwe wa watu, Tanga, pwani ya Kenya, wengine hadi Mafia, wanakaa miezi. Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani, ndio mashuhuri kwa dago kuliko wote, lakini na kwetu hawakukosekana. Pato linagawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, linalobaki la wavuvi. Fungu la chombo liliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya ile mashua, yaani, tukimfuata shangazi, kwa sababu ya mikarafuu. Babu akirudi na ng'onda na pesa kidogo, akikuta watoto wamekula muda wote huo muhogo wa bibi, na pweza aliowachokoa bibi kwenye miamba maji yakitoka. Pweza huyo hakuhesabiwa kuwa uvuvi. Sijui aliitwa nini. Kitoweo, basi.

Mapinduzi ya 1964 yakaifanya ardhi kuwa ya serikali na mashamba makubwa yakakatwa eka tatu tatu. Miti ya Konde ilikuwa michache mno hata isiguswe. Kilichobadilika ni mnunuzi: karafuu zote ziuzwe kwa serikali, na bei ya hapa na bei ya ng'ambo hazikuwa zikitazamana. Kutoka ncha ya kaskazini ya Pemba hadi pwani ya Kenya, mwenye chombo na upepo mzuri ni safari ya usiku mmoja. Adhabu ya magendo ya karafuu ilikuwa kali, kuna wakati ilifika kifo. Hapa ndipo shamba na bahari vilikutana kwa karibu kuliko wakati wowote katika ukoo wetu, na hapa ndipo ami, anayejua jina la kila mwamba hadi Lamu, hukohoa akauliza kama chai iko tayari. Shangazi naye hasemi. Mimi ninachoona ni kwamba miaka ile ilikuwa ya njaa Pemba, mchele haukupatikana, na nyumbani kwetu hakuna mtoto aliyekufa.

Baba yangu hakushika jembe wala kafi. Alisoma, akaajiriwa Unguja, akatuma pesa. Wakati wake Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zao za karafuu, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake, na bei ikaanguka. Wengi waliacha magugu yapande mikarafuuni. Hakuna zaidi la kusema juu ya kizazi hicho ila kwamba kilitusomesha.

Halafu ukaja mwani. Unguja kilimo chake kilianza kama biashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, kisha ukaingia Pemba, na leo mwani mwingi wa Zanzibar unatoka kwetu. Wakulima wake wengi sana ni wanawake. Wanaume wengi waliudharau mwanzoni, ile ni kazi ya kuinama, ya matope, na pesa yake ndogo. Shangazi alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kijijini. Bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa sana, likiingia hushuka na wenzake maji yakiwa yametoka, wanapigilia vigingi, wanatandika kamba, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika, wanampelekea mnunuzi, ambaye bei huja nayo mwenyewe. Zamani alipanda aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei nzuri. Maji yamezidi joto, kotoni inaumwa na kukatika, amebaki na aina ya pili, spinosamu, isiyo na bei. Anamlaumu mnunuzi, analaumu joto, na bamvua lijalo anashuka tena. Nyumba ya matofali anayoishi ni ya mwani. Ada za binti zake ni za mwani.

Na ami? Ami yuko Konde karibu mwaka mzima, analinda mikarafuu. Bei imepata kupanda tena na miti imesafishwa. Anajua kupima unyevu wa karafuu kwa kuivunja kwenye vidole. Mashua ya mwisho ya ukoo ilioza mikokoni nikiwa mdogo, na sidhani ami amelowa zaidi ya magoti tangu hapo.

Leo asubuhi tumekaa kwenye karatasi. Mimi ndiye mwandishi kwa kuwa ndiye niliyekuja na kalamu. Nilichora safu mbili kama alivyoagiza ami, mashamba huku, vyombo kule. Safu ya mashamba ilijaa upesi, na mafungu ya kisheria yanajulikana, mwanamume mawili, mwanamke moja. Safu ya vyombo ilibaki na nanga moja yenye kutu. Ndipo ami akakumbuka kwamba vigingi vya shangazi viko pale pale mashua ya baba ilipokuwa ikifungwa. Bandari ya baba, akasema. Basi na pale pana haki ya wote.

Shangazi aliweka ungo chini.

"Andika, mwanangu. Andika konde la mwani, mwenyewe bado yu hai, hakuna mirathi."

"Niandike safu ipi, shangazi?"

"Hiyo tupu ya ami yako. Si anasema sisi ni watu wa bahari?"