Wafugaji wa Kuku Walivyoanza Kunisoma Nilipouacha Ushauri wa Semina

Ushauri niliopewa nilipoanzisha blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji ulikuwa niandike kila siku, niandike kitaalamu, na niupambe ukurasa wangu ili wasomaji waone kwamba nimejipanga. Aliyenipa ushauri huo aliendesha semina ya siku moja hapa Singida kwa kiingilio ambacho kingeninunulia matetea kadhaa, na tangu asubuhi hadi chakula cha mchana hakuuliza hata mara moja wasomaji wetu ni akina nani. Mimi ni afisa mifugo wa kata, na wasomaji wangu ninawajua kwa sura: mama mwenye kuku ishirini wanaolala jikoni, kijana aliyepata mkopo na kutaka kuanza na vifaranga mia, na mfanyabiashara anayekusanya matenga ya kuku ya kupeleka Dar es Salaam. Hakuna hata mmoja wao anayeamka akisubiri makala mpya. Wanatafuta habari siku kuku wanapoanza kufa, na siku hiyo hawana subira.

Makala yangu ya kwanza niliipa kichwa cha "Udhibiti wa Ugonjwa wa Newcastle kwa Kuku wa Asili". Ilieleza aina za virusi na njia za maambukizi kwa maneno mengi ya chuoni, na bado nashikilia kwamba ilikuwa makala nzuri. Walioisoma ni maafisa mifugo wenzangu, ambao hawakuihitaji, pamoja na jamaa zangu walioona aibu kutoisoma. Wakati huohuo upepo wa kiangazi ulikuwa umekwisha kuanza, na vijijini kideri, yaani huohuo ugonjwa wa Newcastle, kilikuwa kinafagia banda baada ya banda.

Mtoa semina aliposikia malalamiko yangu, alisema kuwa tatizo ni sura ya blogu. Akaniunganisha na fundi wake, nikalipa laki kadhaa, na baada ya kuzungushwa kidogo nikakabidhiwa kazi ambayo kwenye kompyuta ya ofisini ilimeremeta kama ukumbi wa harusi. Picha kubwa zilikuwa zinapishana juu ya ukurasa, jogoo mmoja akiingia kutoka kushoto kwa madaha, na kabla hujasoma neno lolote kisanduku kilijitokeza katikati kukuomba anwani ya barua pepe. Nikaupeleka ukurasa huo kwa fahari kwenye mkutano wa kikundi cha wafugaji wanawake wilayani Ikungi. Mwenyekiti wao alikuwa na simu ndogo ya Tecno yenye kioo kilichopasuka, na alitumia Opera Mini kwa sababu hailimalizi bando. Tulikaa tukitazama kiduara kikizunguka. Jogoo alifika nusu, kichwa na kifua bila miguu, akagoma hapohapo. Kisha kikatokea kile kisanduku cha barua pepe, na alama yake ya kufungia ilikuwa imeangukia nje ya kioo, haifikiwi kwa kidole wala kwa dua. Mwenyekiti akanirudishia tabasamu la heshima na kusema, "Daktari, labda utusomee tu." Wenzake, ambao nao walikuwa wamejaribu kwenye simu zao, waliuliza nani atawarudishia bando lao, nami nikatuma mtoto dukani akalete vocha.

Nilirudi kwenye kiolezo cha kawaida cha Blogger, ambacho ni cha bure: maandishi meusi, mandhari nyeupe, picha moja. Picha ya simu yenye megabaiti tatu au nne ninaipunguza hadi ibaki chini ya kilobaiti mia moja, na kinyesi cha kijani bado kinaonekana kuwa ni cha kijani. Ninapopiga picha ya utitiri au minyoo huweka pembeni sarafu ya shilingi mia mbili, ili mfugaji ajue ukubwa halisi wa ninachomwonyesha. Kabla ya hapo nilipigiwa simu na mtu aliyeamini kuwa utitiri ni mdudu wa kushikwa kwa mikono miwili. Ama leseni ya kuendesha blogu iliyotakiwa na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, chama chetu cha wafugaji ndicho kilichoibeba, kwa maana ada ya wakati huo, shilingi milioni moja kwa mwaka, isingetoka kwenye mshahara wa afisa mifugo wa kata.

Kilichogeuza mambo ni chombo ambacho kwenye semina hakikutajwa hata kwa bahati mbaya, nacho ni Search Console ya Google. Hakitozi hata senti, na kinakuonyesha maneno ambayo watu wameyaandika Google hadi blogu yako ikajitokeza mbele yao, hata kama hawakuifungua. Nilikaa nacho usiku nikicheka peke yangu. "Udhibiti" halikuwamo. "Kuku wa asili" hayakuwamo. Watu waliandika "kuku wanaharisha kijani", "dawa ya kuku kupinda shingo" na "kuku wanasinzia na kufa gafla", bila herufi h. Nikafungua na ujumbe mfupi wa simu niliokuwa nimetumiwa na wafugaji kwa miaka kadhaa, nikakuta lugha ni ileile. Mmoja alikuwa ameniandikia, "Kuku wamekwisha wote, bata wapo tu." Kwa maneno hayo machache alikuwa ameueleza ugonjwa vizuri kuliko makala yangu nzima, kwani bata huweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha kuugua.

Nikaiandika upya makala, kichwa kikawa "Kuku wanaharisha kijani na kupinda shingo: fanya haya leo". Ugumu ulikuwa hapa: msomaji amekuja kutafuta dawa, na kideri hakina dawa. Ukimwambia hivyo kwenye mstari wa kwanza anaondoka, anakwenda duka la pembejeo kununua antibiotiki ambayo haitaua kirusi. Ukimficha unamdanganya. Nilijaribu kuanza na lawama ya kwa nini hakuchanja, nikaona kwenye takwimu za blogu kwamba wengi wanaishia hapo, na kusema kweli hata mimi ningeishia hapo. Sasa makala inaanza na kazi za kufanya kwa mikono: tenga wanaoumwa, fukia au choma mizoga, usiwapeleke waliobaki mnadani, usiwaruhusu majirani kuingia bandani na viatu vyao. Mtu aliyekwisha kupewa kazi hutulia, na aya inayofuata ndiyo inayomweleza kwamba waliokwisha kuugua hawana tiba, kisha tunafika kwenye chanjo. Hapo sina maneno mengi: chanjo ya I-2 inayostahimili joto, tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wazima wa umri wowote, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko alionao mfugaji mmoja, kwa hiyo ninashauri majirani wachangishane na kuchanja siku moja.

Jambo jingine ambalo semina ingelikataza ni shubiri mwitu. Wafugaji huiponda na kuichanganya kwenye maji ya kuku, wengine huongeza pilipili kichaa au mwarobaini, na wataalamu wengi huandika juu yao kwa kejeli. Mimi ninaandika kwamba anayetaka kuendelea aendelee, ila tarehe ya chanjo isipite kwa kuitegemea shubiri. Tangu nilipoweka sentensi hiyo, ninapigiwa simu na watu wanaoanza kwa kuniambia ukweli kuhusu walichowapa kuku wao, jambo ambalo ofisini halikutokea kamwe.

Kuhusu WhatsApp, nilianza na kundi kama kila mtu, na kama kila mtu nikajikuta nasimamia picha za maua za kuwatakia watu asubuhi njema, matangazo ya mikopo na mabishano ya mpira. Nikahamia kwenye orodha ya matangazo, ambayo hupeleka ujumbe kwa kila mtu peke yake, hadi watu 256 kwa orodha moja. Sharti lake ni kwamba ujumbe humfikia tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake, na watu wengi hawahifadhi namba ya afisa wa serikali. Kwa hiyo kila ninapochanja ninamwomba mwenye kuku anipe simu yake, ninaandika mwenyewe "Daktari wa Kuku", ninahifadhi, ninamrudishia. Wiki moja kabla ya tarehe ya kurudia chanjo ninatuma ujumbe wa mistari mitatu. Mistari minne ni mingi, nimehakikisha.

Kisha kuna sauti. Kuku ni wa mama, lakini simu yenye intaneti mara nyingi ni ya kijana wake, naye hana hamu ya kumsomea mama makala ndefu. Ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili anaubonyeza tu na kuiacha simu mezani. Ninarekodi ndani ya gari la halmashauri vioo vikiwa vimepandishwa, kwa sababu upepo wa Singida humeza sauti yote, na ninaanza na jina la ugonjwa badala ya salamu. Mzee mmoja alinikemea kwa kutosalimia, nikaongeza "Hamjambo", neno moja.

Blogu ilipoanza kusomwa, wakaja wezi. Makala ya kuharisha kijani ilinakiliwa kwenye kurasa nyingi, jina langu likaondolewa chini, na baadhi ya kurasa hizo zikatangulia mbele ya yangu kwenye Google. Niliwaandikia wenye kurasa hizo kwa adabu, hawakujibu. Ndipo nilipong'amua kwamba mtu anayenakili makala nzima hasomi anachonakili, anakata mwanzo na mwisho tu. Nikahamishia jina la blogu na namba ya ofisi katikati kabisa ya aya ya chanjo, ndani ya sentensi ileile ya tone la jicho, mahali ambapo huwezi kuliondoa bila kuvuruga maelezo. Wamenakili vyote. Sasa wananilipia matangazo wasiyoyajua, na simu zinatoka Kilosa, Tunduru na Sengerema. Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia akiwa na hasira, akanitaka nipunguze matangazo ya kubeti kwenye ukurasa wangu kwani yanamwaibisha mbele ya wajukuu. Nilimwomba radhi kwa niaba ya mwizi, kisha tukapanga siku ya kuchanja.